Picha za Maua, Kuanzia Bustanini Hadi Ukutani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Watu wengi ninaokutana nao wana mamia ya picha za maua kwenye simu, na ukutani hawana hata moja. Wengine walijaribu kutundika moja, ikawa ndogo mno, au ikatoka na giza, au ikapauka kabla hawajaizoea. Maswali yaliyo hapa ndiyo wanayoniuliza kila mara. Nimejibu kwa urefu pale ambapo watu hukwama, na kwa ufupi pale ambapo jambo lenyewe ni dogo.

Nianzie wapi, kwenye ua au kwenye ukuta?

Kwenye ukuta. Najua jibu hili huwashangaza wengi, kwani kinachotuvuta ni ua. Lakini picha inayokaa vizuri nyumbani ni ile iliyopigwa na mtu aliyekwisha kujua itakaa wapi. Keti pale unapoketi kila siku, tazama ukuta ulio mbele yako, kisha ujiulize: nafasi hii imesimama au imelala? Picha itatazamwa kutoka upande wa pili wa chumba, au kwa karibu kama ya kwenye korido? Ukuta ni mweupe, au una rangi inayoweza kugombana na waridi jekundu?

Kwa miaka kadhaa nilipiga kila ua kwa picha ya kulala, kwa sababu ndivyo kamera inavyokaa mkononi. Siku nilipopata ukuta mwembamba kati ya milango miwili, nilipekua picha zangu zote nikakuta sina hata moja ya kusimama iliyofaa. Nilizojaribu kuzikata zilibaki na ua lililobanwa, halina pa kupumua. Tangu hapo kila ua ninalolipenda nalipiga mara mbili, kwa kulala na kwa kusimama, na naacha nafasi tupu pembeni kubwa kuliko ninayodhani nitaihitaji. Nafasi ya ziada unaweza kuikata baadaye, ila iliyokosekana huwezi kuiongeza.

Simu inatosha, au lazima ninunue kamera?

Simu inatosha kwa picha nyingi za nyumbani. Tufanye hesabu. Picha ya megapikseli 12 ina pikseli, yaani nukta ndogo zinazoijenga picha, 4000 kwa 3000. Ukiichapisha kwa pikseli 300 kwa kila inchi, kiwango kinachomridhisha hata mtu anayeitazama kwa karibu, unapata karatasi ya sentimita 34 kwa 25 hivi, yaani zaidi ya A4. Picha itakayotazamwa kutoka mita mbili haihitaji wingi huo. Pikseli 150 kwa inchi zinatosha, na hapo karatasi inafika sentimita 68 kwa 51. Hiyo ni picha kubwa sebuleni.

Simu hushindwa kwingine. Watu huisogeza karibu na ua mpaka lenzi inakaribia kugusa petali, kisha wanashangaa picha imejaa ukungu. Kila lenzi ina umbali wa chini ambao ikipita hapo haioni tena sawasawa. Rudi nyuma kidogo, tumia lenzi ya kuvuta kama simu yako inayo, halafu kata picha baadaye. Simu nyingi siku hizi hubadilisha zenyewe kwenda kwenye lenzi pana ukisogea karibu sana, na lenzi hiyo huvimbisha petali zilizo mbele na kudunisha zilizo nyuma. Kwa mdudu mdogo inafaa. Kwa ua kubwa sipendi matokeo yake.

Mambo mawili ya mwisho kuhusu simu. Futa lenzi kwa kitambaa laini, kwa maana mafuta ya vidole ndiyo huleta ule mng'ao wa maziwa kwenye picha nyingi. Na ukimtumia mchapishaji picha kwa WhatsApp, itume kama dokumenti. Ukiituma kama picha ya kawaida hubanwa, na zile pikseli tulizozihesabu hapo juu hupotea njiani.

Mwanga gani unafaa zaidi?

Hapa ndipo kazi yote ilipo, na ningeomba usome jibu hili hata ukiruka mengine.

Jua la utosini ni adui wa maua mengi. Linaunguza petali za juu, linatupa vivuli vyeusi katikati ya ua, na linafanya majani yang'ae kama yamepakwa mafuta. Siku ya mawingu ambayo wengine huiona mbaya ndiyo siku yako: anga lote linakuwa taa moja kubwa, mwanga unalifikia ua kutoka kila upande, na mikunjo midogo ya petali inaonekana bila kupigana na kivuli. Kama hakuna mawingu, jitengenezee. Mwombe mtu ashike kitambaa cheupe chepesi kati ya jua na ua, nawe utaona tofauti papo hapo.

Asubuhi mapema ina faida tatu kwa pamoja: jua liko chini, upepo bado haujaamka, na umande upo. Mimi nikiamka mapema kwa ajili ya ua moja huwa sijutii, hata nikirudi na picha moja tu.

Kisha kuna mwanga wa kutoka nyuma, ambao naupenda kuliko yote. Petali nyingi ni nyembamba kiasi cha kupitisha mwanga. Jiweke upande wa pili, ua likiwa kati yako na jua, na jua lenyewe lisiingie kwenye lenzi (likinge kwa mkono, au ulifiche nyuma ya shina). Ghafla ua linawaka kutoka ndani, mishipa ya petali inaonekana kama mistari ya kiganja, na vinyweleo vya kikonyo vinapata ukingo wa fedha. Mwanga wa ubavuni una kazi nyingine: unaonyesha mikwaruzo, matuta na unene, kwa hiyo unafaa maua yenye petali ngumu au ua lililoanza kukauka.

Angalia pia kilicho nyuma ya ua. Ukipata ua lililopigwa na jua huku nyuma yake kuna kivuli kizito cha mti au ukuta, lipimie mwanga ua lenyewe. Kivuli kitageuka kuwa cheusi kabisa, na utapata picha inayodhaniwa kuwa ilipigwa studio.

Ua jekundu limetoka kama doa moja la rangi, halina mikunjo. Nimekosea nini?

Hukukosea kulenga, kamera ndiyo iliyopima vibaya. Kwenye sensa nyingi (sensa ni kile kipande ndani ya kamera kinachonasa picha), nusu ya vijicho vinavyopokea mwanga ni vya kijani, robo ni vya nyekundu na robo ni vya buluu. Kamera inapima mwanga wa eneo zima na kuona kwa wastani mambo ni shwari, kumbe vile vya nyekundu vimekwisha kujaa mpaka pomoni. Kilichojaa hakiwezi tena kutofautisha mkunjo na mkunjo. Punguza mwanga kwa hatua moja au chini kidogo ya hapo, ukitumia kitufe cha +/− kwenye kamera. Kwenye simu nyingi unagusa ua kwenye skrini kisha unateremsha alama ya jua inayojitokeza. Picha itaonekana na giza kidogo, lakini mikunjo itakuwemo, na giza hilo utalitengeneza baadaye.

Ua jeupe lina tabia ya kinyume, tena lina nyuso mbili. Likijaza picha nzima, kamera hudhani kuna mwanga mwingi mno na kulishusha mpaka linakuwa la kijivu, kama shuka lisilotakata. Hapo ongeza mwanga. Likiwa dogo katikati ya majani meusi, kamera huhangaika kuyaangaza majani na ua linaungua, hapo punguza. Usikariri namba. Kariri swali: kamera imetazama nini zaidi, ua au majani?

Mbona ua la buluu au zambarau linageuka rangi pichani?

Baadhi ya maua ya buluu hurudisha pia mwanga mwekundu wa mwisho kabisa, ule ambao jicho letu halioni vizuri lakini filamu na sensa huunasa. Wapiga picha wa enzi za filamu waliufahamu vyema usumbufu huu: ua la buluu lilirudi kutoka maabara likiwa na wekundu. Kamera za sasa zina kichujio cha kuzuia mwanga huo, ila hakizuii wote. Piga kivulini, na wakati wa kuhariri gusa rangi hiyo moja tu badala ya kugeuza picha nzima. Kama unaweza, chukua petali iliyoanguka, uiweke kando ya skrini ulinganishe. Kumbukumbu ya rangi hudanganya upesi kuliko tunavyodhani.

Upepo unanishinda. Nifanye nini?

Subiri. Upepo una pumzi: huvuma, hutulia, huvuma tena, na kwenye ule utulivu ua husimama kwa sekunde moja au mbili. Weka kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inafunguka kupokea mwanga, kwenye 1/500 ya sekunde au kasi zaidi ya hapo, piga picha kadhaa mfululizo, uchague baadaye. Unaweza pia kuchomeka kijiti ardhini na kukishikisha kwenye kikonyo kwa kibanio cha nguo, chini kabisa ambako hakionekani pichani. Kibanio kisiminye, kishike tu. Mwili wako nao ni ukuta; kaa upande unaotoka upepo.

Kwa nini sehemu moja tu ya ua ni kali na nyingine zote zina ukungu?

Kadiri unavyosogea karibu, ndivyo eneo linaloonekana kali linavyokuwa jembamba. Kwa lenzi ya makro inayoonyesha kitu kwa ukubwa wake halisi, kwenye kamera yenye sensa ya milimita 36 kwa 24 na uwazi wa lenzi wa f/8 (namba ya f ikiwa kubwa, tundu la lenzi ni dogo), unene wa eneo hilo ni kama milimita moja. Ua lina sentimita kadhaa za kina. Ni wazi kwamba huwezi kupata vyote, kwa hiyo inabidi uamue.

Wengi hufunga uwazi wa lenzi hadi f/22 wakitumaini kupata kila kitu. Unaongeza kina, lakini mwanga unaopenya tundu dogo namna hiyo hutawanyika na picha nzima inalegea. Mimi sipiti f/16 bila sababu nzito. Kinachosaidia zaidi ni kugeuza kamera mpaka uso wake uwe sambamba na uso wa ua: ua bapa kama alizeti linaweza kuwa kali lote ukilitazama moja kwa moja, na likakupotea ukilitazama kwa pembe. Kama lazima uchague sehemu moja, chagua pale mtazamaji atakapotua jicho kwanza. Mara nyingi ni kwenye stameni zenye chavua, au kwenye ukingo wa petali iliyo mbele.

Njia nyingine ni kupiga picha kumi au ishirini, kila moja ikilengwa mbele kidogo kuliko iliyotangulia, kisha programu inaziunganisha sehemu zake kali kuwa picha moja. Ua lisitikisike hata chembe, kwa hiyo fanya kazi hiyo ndani ya nyumba, kamera ikiwa kwenye stendi ya miguu mitatu.

Nami niseme hili wazi: ukungu si dosari kila mara. Picha ya ua ambayo ukingo mmoja tu wa petali uko wazi na mengine yote yameyeyuka kuwa rangi inaweza kukaa chumbani miaka mingi bila kukuchosha.

Lenzi ya makro ni ya lazima?

Hapana. Kama una kamera ya kubadilisha lenzi, zipo pete tupu, zisizo na kioo ndani, zinazowekwa kati ya lenzi na kamera. Zinaisogeza lenzi mbele na kuiwezesha kulenga kwa karibu zaidi. Ukija kununua makro, ya milimita 90 hadi 105 inakuruhusu kukaa mbali kidogo, kivuli chako kisiangukie ua.

Naweza kupiga maua ya kwenye chombo, ndani ya nyumba?

Unaweza, na kwa anayeanza ndiyo shule bora kuliko zote. Hakuna upepo, hakuna kuinama topeni, na unaweza kurudia kesho.

Weka meza kando ya dirisha lisilopigwa na jua la moja kwa moja. Mwanga uingie kutoka upande mmoja. Upande wa pili, ule wenye kivuli, simamisha karatasi nyeupe ya manila ili irudishe mwanga kidogo. Zima taa zote za chumba. Mwanga wa dirisha na wa balbu una rangi tofauti, na vikichanganyika petali moja hupata manjano huku jirani yake ikipata buluu. Nyuma ya ua tundika kitambaa cheusi cha mahameli au karatasi ya rangi moja, kikae umbali wa mita moja hivi ili mikunjo yake isionekane. Kata vikonyo kwa mshazari na ubadilishe maji, upate siku nyingi za kazi.

Siku nyingi hizo uzitumie. Tulipu, kwa mfano, huendelea kurefuka hata baada ya kukatwa na hujipinda kufuata mwanga, hivyo ua la leo si la kesho. Tumba lililofumba, ua lililochanua, petali zilizoanza kujikunja, chavua iliyomwagika mezani: hizo ni picha nne za ua moja, na zikipangwa ukutani kwa mfuatano zinanivutia kuliko shada zima lililopigwa siku ya kwanza.

Walioufikisha mbali upigaji huu hawakuwa na vifaa vya ajabu. Karl Blossfeldt wa Ujerumani alijitengenezea kamera mwenyewe, akapiga matumba, vikonyo na majani mbele ya mandhari tupu kwa mwanga wa kawaida, akiyakuza hadi mara 30, mpaka jani changa linafanana na kazi ya mhunzi. Imogen Cunningham wa Marekani alikuwa mama wa watoto watatu wadogo miaka ya 1920. Hakuweza kwenda mbali, basi akapiga mimea ya bustani yake mwenyewe. Picha yake ya kitovu cha ua la magnolia ya mwaka 1925 inatazamwa mpaka leo.

Ni sawa kuchuma ua ili nilipige?

Lako la bustanini, ndiyo. La porini, liache pale lilipo, na uangalie unapoweka magoti, kwa sababu mimea midogo inayolizunguka hufa kimyakimya chini ya mpiga picha. Jani linaloingia pichani linaweza kuinamishwa kwa mkono au kuzuiwa na kijiti. Hakuna haja ya kulikwanyua.

Na matone ya maji?

Chupa ya kunyunyizia inatosha. Ukichanganya maji na gliserini kidogo, matone hukaa muda mrefu bila kuteleza. Binafsi napenda umande wa kweli, kwa sababu hukaa pale unapotaka wenyewe, ukingoni mwa petali na kwenye vinyweleo. Matone ya chupa hutapakaa kila mahali na jicho hulijua hilo.

Je, kuna njia ya kutengeneza picha ya ua bila kamera?

Ipo, na ni ya zamani kuliko kamera nyingi unazozijua. Mwaka 1842 mwanasayansi John Herschel wa Uingereza aligundua njia ya kuchapa picha kwa chumvi za chuma, iitwayo sayanotaipu. Mwaka uliofuata Anna Atkins, mtaalamu wa mimea, alianza kuitumia kuchapa mwani: aliulaza mmea juu ya karatasi iliyopakwa dawa, akaiacha juani, kisha akaiosha kwa maji. Palipopigwa na jua pakawa buluu nzito, palipofunikwa na mmea pakabaki peupe. Karatasi zilizokwisha kupakwa dawa zinauzwa, na hata mtoto anaweza kuzitumia. Chagua mmea wenye umbo la wazi na majani membamba. Ua nene huacha doa tu. Picha hizi, kwa rangi yake moja, hupatana na karibu ukuta wowote.

Njia nyingine ni skana ya mezani. Laza maua juu ya kioo, acha kifuniko wazi, zima taa za chumba, kisha skani. Nyuma panakuwa peusi tii, na petali zinazogusa kioo zinatoka kwa undani wa kushangaza. Futa chavua kwenye kioo baadaye.

Nihariri kiasi gani kabla ya kuchapisha?

Nyoosha, kata, toa kijidoa kinachovuta jicho bila sababu. Jambo ninalowasihi watu waliache ni kuongeza rangi za picha nzima. Ua linaweza kuvumilia, majani hayavumilii. Kijani kinakuwa cha plastiki. Ukitaka ua lijitokeze, fifisha kijani na ukipe giza kidogo. Ua litasogea mbele lenyewe.

Karibu kila mtu hulalamika kwamba picha imetoka na giza kuliko alivyoiona kwenye simu. Skrini inatoa mwanga. Karatasi inarudisha mwanga wa chumbani tu. Shusha mng'ao wa skrini hadi nusu au chini ya hapo wakati wa kuhariri, ndipo utaona ukweli. Kabla ya kuchapisha kubwa, chapisha ndogo, uiegemeze ukutani pale pale itakapokaa, uitazame asubuhi na usiku. Hatua hii imeniokoa mara nyingi kuliko kifaa chochote nilichowahi kununua.

Karatasi gani nichague?

Karatasi inayong'aa hutoa rangi zenye nguvu na weusi mzito, lakini ukiiweka nyuma ya kioo na taa ikiwa mbele yake, unaona taa badala ya ua. Karatasi isiyong'aa hupokea vizuri petali za rangi nyepesi, na kwa maua ndiyo chaguo langu la kwanza. Turubai inafaa picha kubwa yenye ukungu mwingi. Ikiwa uzuri wa picha yako uko kwenye mishipa myembamba, nyuzi za turubai zitaimeza. Uliza pia wino: wino wa pigimenti, wenye chembe za rangi zisizoyeyuka, hudumu zaidi ya wino wa rangi iliyoyeyushwa.

Kumbuka uwiano. Picha nyingi za simu ni 4:3, za kamera nyingi ni 3:2, na karatasi za A3 na A4 hazilingani na yoyote kati ya hizo. Usipoamua wewe pa kukata, mashine itaamua, nayo haijui petali ni nini.

Fremu iweje?

Fremu nyembamba, ya rangi isiyopiga kelele. Kati ya picha na kioo iwepo kadibodi yenye dirisha, upana wa sentimita 5 hadi 8 kila upande. Si pambo tu: inaizuia picha isigusane na kioo. Picha iliyobanwa moja kwa moja kwenye kioo hunata unyevu unapoingia, na kuibandua bila kuichana ni bahati. Kadibodi iwe isiyo na asidi, maana ya kawaida hugeuka manjano na kuiambukiza picha. Usiigandishe picha kwa gundi pande zote. Ishikize juu tu kwa vipande viwili vya utepe wa karatasi, ining'inie, kwa kuwa karatasi hutanuka na kusinyaa na hewa.

Nitundike kwa urefu gani?

Watu wengi hutundika juu mno. Katikati ya picha pawe sentimita 145 hadi 150 kutoka sakafuni, sawa na usawa wa macho ya mtu aliyesimama. Kwenye chumba cha kuketi au kulala, shusha kidogo. Juu ya kochi, acha sentimita 15 hadi 20 kati ya mgongo wa kochi na ukingo wa fremu, na upana wa picha, au wa kundi la picha, ukaribie theluthi mbili ya kochi. Picha ndogo peke yake juu ya kochi refu huonekana imesahauliwa.

Kabla ya kugusa nyundo, kata magazeti yenye ukubwa wa fremu zako, yabandike ukutani kwa utepe, uishi nayo siku mbili. Kisha chukua pimamaji. Fremu iliyopinda kidogo itakusumbua kila siku utakayoketi hapo.

Moja kubwa, au nyingi ndogo?

Moja kubwa kama una picha moja unayoiamini kweli. Nyingi ndogo kama zina undugu: mandhari ya aina moja, au ua moja kwa siku tofauti. Ziachanishe kwa nafasi sawa, sentimita 5 hivi, na fremu zifanane. Kuchanganya waridi jekundu la juani, asumini ya kivulini na alizeti mbele ya anga ya buluu, eti kwa sababu zote ni maua, huufanya ukuta uonekane kama meza ya mchuuzi.

Picha yangu imepauka. Ilikuwa na kasoro?

Huenda haikuwa na kasoro yoyote; iliunguzwa na mwanga. Niliwahi kutundika waridi jekundu mkabala na dirisha la magharibi kwa sababu jua la jioni lilifanya ua lipendeze ajabu. Niliifurahia kila jioni. Siku nilipoitoa kwenye fremu, ukingo uliofichwa na kadibodi ulikuwa bado mwekundu, na sehemu yote iliyobaki ilikuwa ya rangi ya tofali kuukuu. Sikuwa nimeona ikibadilika, maana ilibadilika polepole mbele ya macho yangu.

Madhara ya mwanga hujumlishwa: saa nyingi za mwanga hafifu ni sawa na saa chache za mwanga mkali, na kilichopotea hakirudi hata ukiihamishia gizani. Ndiyo maana makumbusho huweka kazi dhaifu za karatasi kwenye mwanga hafifu wa takriban lux 50 (lux ni kipimo cha mwanga) na kuzipumzisha kwa zamu. Nyumbani huwezi kuishi hivyo, ila unaweza kuchagua ukuta usiopigwa na jua. Kioo cha kuzuia miale ya urujuanimno husaidia, ingawa mwanga unaoonekana nao hupausha. Epuka bafu na ukuta wa jikoni kwa sababu ya mvuke. Kwenye ukuta wenye unyevu, bandika vipande vidogo vya kizibo kwenye pembe za chini nyuma ya fremu ili hewa ipite. Na hifadhi faili halisi mahali pawili; karatasi ikifa, utachapisha nyingine.

Fremu ya kidijitali haiwezi kumaliza matatizo yote haya?

Inamaliza la kupauka, na inafaa kwa picha za familia zinazobadilika. Kwa maua siipendi. Ua lililochapishwa hubadilika na mwanga wa chumba, asubuhi ni lingine na usiku ni lingine. Skrini hung'aa vilevile saa zote.

Niandike nini nyuma ya picha?

Jina la mmea, tarehe, mahali ulipokuwa, na aliyeupanda kama unamjua. Tumia penseli laini, uandike pembeni na kwa mkono mwepesi, kabla ya kuiweka kwenye fremu. Kalamu ya wino hutoboa alama upande wa pili. Nyuma ya fremu nayo bandika kikaratasi chenye maneno hayohayo, ili asomaye asilazimike kuifungua.